Waacheni Watoto: Kumbe "Suffer" si Kuteseka Tu

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Marko 10:13–16, Mathayo 19:13–15, Luka 18:15–17



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada ya Kiingereza, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alinivuta shati. Ni msichana wa miaka 11, na maswali yake hayaishi. Akaninyoshea kidole ukutani, pale palipochorwa picha ya Yesu amezungukwa na watoto. Chini ya picha yameandikwa maneno machache kutoka Biblia ya Kiingereza ya King James, na neno la kwanza kabisa ni "Suffer".

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona Yesu anataka watoto wateseke?"

Nilicheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki. Shuleni amefundishwa kwamba "suffer" ni kuteseka, na hajakosea, ndivyo neno hilo linavyotumika leo. Basi kila Jumapili amekuwa akikaa chini ya ule ukuta, anaimba, anakariri mistari, na moyoni ana swali kuhusu Yesu ambalo hakuna aliyelijibu. Nikamwambia, "La, mwanangu, hapo maana yake ni waruhusuni, waacheni waje." Akaniangalia, akasema, "Sasa mbona hawakuandika hivyo?"

Nilimwahidi kumletea jibu. Somo hili ndilo jibu lenyewe. Nilidhani namwandalia mtoto, lakini nilipofika katikati nikagundua mwenye kufundishwa ni mimi.

1. NENO LILILOZEEKA

Biblia ya King James ilichapwa mwaka 1611. Ili upate picha, Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwaka 1593. Kwa hiyo kile Kiingereza tunachokisoma na kuta zile tunazopita tukishuka kwenda Mji wa Kale vimepishana miaka 18 tu. Tukipeleka wageni Ngomeni, huwa tunatafuta mtu wa kutueleza: hiki chumba kilikuwa cha nini, huu mlango ulielekea wapi? Hatuoni aibu kuuliza. Maneno ya umri ule nayo yahitaji kuulizwa vivyo hivyo. Tena neno hili ni kongwe kuliko hiyo 1611. Lilikuwa kwenye ndimi za Waingereza tangu karne ya 13, na William Tyndale alilitumia kwenye Agano Jipya lake la mwaka 1526.

Zamani hizo "suffer" lilikuwa na maana tatu, na King James inazitumia zote.

Ya kwanza ni kuruhusu. Yohana Mbatizaji alipokataa kumbatiza Bwana, Yesu alimwambia akubali kwa wakati ule (Mathayo 3:15). King James hapo inasema "suffer". Yule mwanafunzi aliyeomba ruhusa akamzike babake kwanza (Mathayo 8:21), naye anaomba kwa neno hilo hilo. Na wale watoto wa Marko 10 ndio hao.

Ya pili ni kuvumilia, kubeba udhaifu wa mtu bila kumtupa. Katika Mathayo 17:17 Bwana anauliza atachukuliana na kizazi kisichoamini hata lini. "Suffer" tena. Na kwenye Wagalatia 5:22, katika tunda la Roho, utakuta "longsuffering". Kijana mmoja kwenye ushirika wetu wa nyumbani alikiri kwamba kwa miaka alidhani hilo tunda maana yake ni mateso marefu! Akawa anajiuliza, sasa nani ataliomba tunda kama hilo? Fungua Biblia yako ya Kiswahili utaona: ni uvumilivu.

Ya tatu ndiyo tunayoijua sote: kuumia, kuteswa. Kristo ilimpasa ateswe na kufufuka siku ya tatu (Luka 24:46).

Leo maana ya tatu imebaki karibu peke yake barabarani, na ile ya kwanza imekufa katika mazungumzo ya kawaida. Mwingereza wa leo akitaka kuruhusu, anasema "let". Na hilo nalo lina mambo yake! Katika 2 Wathesalonike 2:7, "let" ya King James maana yake ni kuzuia, kinyume kabisa cha leo. Na "prevent" ya 1 Wathesalonike 4:15, ambayo leo ni kuzuia, pale ni kutangulia. Mpendwa, wewe unayehubiri kwa King James, au unayesimama kutafsiri pale mbele, tembea polepole. Neno laweza kuwa na sura ya jirani yako kumbe ni la ukoo mwingine.

2. MZIZI WAKE NI MZIGO

Sasa tuulize: maneno kama kuruhusu na kuteseka yalikutana wapi yakakaa nyumba moja?

Waingereza walilipata neno hili kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa kutoka Kilatini. Kule Kilatini limeunganishwa kwa vipande viwili: "sub", yaani chini, na "ferre", yaani kubeba. Kwa hiyo mwanzo wake ni kuingia chini ya kitu na kukibeba. Ukibeba maumivu, unateseka. Ukibeba tabia ya mtu, unavumilia. Na ukikubali kubeba usumbufu ambao mwenzako atakuletea, basi umemruhusu apite. Maana zote tatu zimetoka begani.

Usidhani huo ni ujanja wa Wazungu peke yao. Teremka Marikiti asubuhi, au pita vichochoro vya Mji wa Kale pale magunia yanapohamishwa. Utasikia mtu nyuma yako akipiga kelele "Simile! Simile!" nawe utajibana ukutani apite. Huyo ni hamali. Jina lake limetoka kwenye neno la Kiarabu la kubeba. Mzizi huo huo ndio uliotupa "himili", nao ndio uliotupa "stahimili". Mtu anayestahimili, kwa asili ya neno lenyewe, ni hamali. Ana gunia begani.

Na neno letu wenyewe la Kibantu je? Paulo anapowaambia Waefeso na Wakolosai wavumiliane (Waefeso 4:2, Wakolosai 3:13), tafsiri yetu ya Union inasema "mkichukuliana". Limetokana na kuchukua. Mimi nachukua wako, wewe wachukua wangu. Kilatini, Kiarabu na Kiswahili havina undugu wa damu, lakini vyote vimeona jambo moja: huwezi kumpa mtu nafasi bila kubeba kitu.

3. NENO LETU "ACHA"

Sasa tuje kwenye Biblia ya Kiswahili, maana ndiyo wengi wetu tunayoibeba kwapani.

Kazi ya kuleta Neno kwa Kiswahili ina historia yake hapa hapa kwetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo homa ilimchukua mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Mwaka ule ule mtu huyo alikuwa akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baadaye wengine waliendelea na kazi, na mwaka 1914 ikatoka Biblia nzima kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Biblia ya Union tunayoisoma ilitoka mwaka 1952.

Kwenye Marko 10:14 Union inatumia "waacheni". Hebu tulitazame neno hilo kana kwamba hatujawahi kulisikia. Mtu ameacha sigara. Mama ameachwa, yaani amepewa talaka. Baba ameacha shamba, yaani urithi. "Niache!" maana yake niondokee. "Mwache apite" maana yake mruhusu. Huku Mji wa Kale wenyeji husema "niwate" pale sisi twasema "niache", lakini jambo ni lile lile. Na sisi walokole tumeongeza letu: kila Jumapili twaambiwa "achilia", yaani samehe, usishikilie.

Kwa hiyo yule mtoto angeweza kuuliza swali lake hata kwa Kiswahili: Mwalimu, Yesu anasema watoto waachwe? Watelekezwe?

Na hapa ndipo nilipofurahi kuliko popote. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na neno lililoko pale Marko 10:14 ni "afiemi". Fuatilia neno hilo moja ndani ya Injili uone linavyotembea. Simoni na Andrea waliziacha nyavu zao (Mathayo 4:20): afiemi. Homa ilimwacha mama mkwe wa Petro (Mathayo 8:15): afiemi. Paulo anaagiza mume asimwache mkewe (1 Wakorintho 7:11): afiemi. Na katika Sala ya Bwana, tunapoomba tusamehewe (Mathayo 6:12), ni afiemi!

Umeona? Kuacha nyavu, homa kumwacha mtu, kumwacha mke, kuachilia deni, kuwaacha watoto waje. Mwingereza anahitaji maneno manne au matano. Mswahili ana "acha" na watoto wake achia na achilia, na karibu yote yameingia humo. Basi ndugu zangu, msione haya kusoma Neno kwa lugha yenu. Kuna siku Kiswahili kimekaa karibu na Kiyunani kuliko Kiingereza.

Ila neno lenye milango mingi lahitaji kuangaliwa umepita mlango upi. Kumwacha mtoto ni kitu kimoja. Kumwacha aje ni kingine. Tofauti yote iko kwenye neno dogo linalofuata: waje kwangu. Ukilikata hapo, umebaki na watoto walioachwa.

4. NANI ALISIMAMA MLANGONI?

Soma Marko 10:13 polepole. Watu waliwaleta watoto ili Yesu awaguse. Waliowakemea hawakuwa Mafarisayo, wala Warumi. Walikuwa wanafunzi wake, wahudumu wenyewe. Nadhani walikuwa na nia njema. Mwalimu amechoka, ana mafundisho mazito, ametoka kuulizwa habari za talaka. Watoto watapiga kelele.

Tena kumbuka, sura moja tu nyuma (Marko 9:36–37) Yesu alimsimamisha mtoto katikati yao, akamkumbatia, akawaambia anayempokea mtoto kama huyo kwa jina lake anampokea yeye. Somo hilo walikuwa nalo! Walilisahau kabla wino haujakauka.

Luka anaongeza kitu ambacho ni rahisi kukiruka. Anasema walikuwa watoto wachanga (Luka 18:15). Mtoto mchanga hatembei. Haji mwenyewe. Kuna mtu amembeba. Kwa hiyo mlango ukifungwa, haufungwi usoni kwa mtoto peke yake. Unafungwa usoni kwa mama mwenye mzigo mikononi.

Na Yesu alichukizwa. Marko hafichi hilo. Kisha akawakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Yeye mwenyewe akawabeba.

5. USHUHUDA WANGU, NAO SI MZURI

Nilipofika hapo kwenye maandalizi, niliweka kalamu chini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhudumu wa mlangoni katika ushirika mwingine hapa kisiwani. Tulikuwa tunaabudu ghorofani. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa miaka tisa hivi, mtoto asiyeweza kutembea wala kuzungumza. Alikuwa akimpanda mgongoni, anapanda naye ngazi zile zote, anafika juu jasho linamtiririka. Na yule mtoto alipenda nyimbo. Ikifika sifa alikuwa akipaza sauti, mlio mmoja mrefu, na hata mahubiri yakianza wakati mwingine alikuwa haachi.

Tulikuwa tumeanza kurekodi mahubiri. Jumapili moja nikaambiwa sauti ile inaingia kwenye kanda. Nikamwendea yule mama nikamnong'oneza, "Dada, samahani, ungekaa naye pale nje kwenye ngazi, utasikia tu vizuri." Akasema, "Sawa, ndugu." Akambeba, akatoka. Nikafunga mlango kwa upole, nisisumbue ibada.

Wiki iliyofuata alikaa ngazini mwenyewe, bila kuambiwa. Iliyofuata pia. Baada ya hapo hakuja tena, nami kusema kweli sikugundua upesi. Ilipita kama miezi mitatu. Ni mama mwingine wa kanisa aliyeniuliza, "Yule mwenye mtoto yuko wapi?"

Tulikwenda wawili kumtafuta. Tulimkuta Majengo, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, mtoto amelala mkekani. Alitukaribisha, akatupa chai. Nilimwomba msamaha. Akasema maneno ambayo mpaka leo ninayo: "Sikukasirika, ndugu. Nilidhani pale ngazini ndipo mahali petu."

Mpendwa, mimi nilikuwa namjua Marko 10. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa picha na kwa nyimbo. Na nilisimama mlangoni kama Petro na wenzake, nikiwa na beji kifuani.

Alirudi, Mungu ni mwema. Tulikubaliana vijana wawili wawe wanampokea chini kila Jumapili na kumpandisha mtoto. Yule mtoto aliendelea kupaza sauti. Zile kanda ukizisikiliza, sauti yake imo.

Basi nimerudi kwa yule msichana na swali lake. Nimemwambia hivi: "Suffer" pale haimaanishi watoto wateseke. Inawaambia wakubwa: beba wewe, ili mtoto apite. Kama kuna wa kuumia kidogo pale, kwa kelele, kwa jasho, kwa kusogea na kukosa kiti kizuri, Yesu anataka awe mkubwa. Na yeye mwenyewe alitangulia kuubeba mzigo mkubwa kuliko wote, pale msalabani.

Akafikiri. Akasema, "Basi muandike hivyo ukutani." Tumekubali. Maneno ya Kiswahili yatachorwa chini ya yale ya Kiingereza, Mungu akitujalia.

6. TUFANYE NINI WIKI HII?

Kwanza, soma kwa lugha mbili. Ukikuta neno la Kiingereza linakushangaza, fungua ya Kiswahili kabla hujajenga mafundisho juu yake. Usimwambie mtu anayeumia kwamba Mungu ameagiza ateseke kwa sababu tu umeona "suffer" imeandikwa.

Pili, tazama mlango wako. Wako watoto ambao wamejifunza mahali pao ni ngazini: mlemavu, yatima anayelelewa na bibi, mtoto wa dada wa kazi, wale wa mtaani wanaolala karibu na soko. Hawakufukuzwa. Walinong'onezwa tu.

Tatu, saidia mbebaji. Usimkaribishe mtoto ukamwacha mama na mzigo wote. Mpokee begi. Mshikie mtoto nusu saa asikie Neno. Hiyo ndiyo kuchukuliana.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kuna neno gani la Biblia ulilolielewa vibaya kwa muda mrefu? Lilibadilisha vipi picha yako ya Mungu?
2. Kwa nini wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto? Je, sisi tuna sababu zipi zinazofanana na zao?
3. Soma Waefeso 4:2. Ni nani unayepaswa "kumchukua" wiki hii, na ni nani anayekuchukua wewe?
4. Taja mtu mmoja aliyeacha kuja ibadani bila yeyote kuuliza. Nani atakwenda kumwona, na siku gani?

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe pale tulipofunga mlango kwa upole. Tupe mabega ya kubeba na masikio ya kustahimili. Wote waliokaa ngazini wakidhani ndipo mahali pao, utusaidie kuwafuata na kuwaingiza ndani, kama wewe ulivyotuacha tuje kwako. Amina.